Ukuta Uliomwagiliwa Maji

Kila asubuhi Edina aliumwagilia ukuta wa nyumba yao kama watu wanavyomwagilia mchicha. Alileta ndoo kutoka bombani, akasimama barazani, akachota kwa kopo na kurusha maji juu kabisa, karibu na bati. Maji yakateremka taratibu juu ya simenti mbichi, na ukuta ukawa na rangi ya ziwa kabla jua halijatoka. Mumewe alimwambia kwamba simenti isiponyweshwa hupasuka, na hilo ni kweli, kila fundi analijua. Ila ni kweli kwa nyumba ya tofali za kuchoma. Nyumba hii ya Ujiji ilikuwa ya udongo tangu chini hadi juu, kuta zake nene kama urefu wa mkono, na udongo ukinyweshwa kila siku nao una lake la kufanya. Mama unayesoma haya, kama nyumba yako ni ya udongo, shika hapo kwanza. Mengine yatafuata.

Ulikuwa mwaka ule watu walipovuka ziwa kwa wingi wakikimbia vita ya Zaire. Walishuka Kibirizi, walishuka Ujiji, walishuka popote mtumbwi ulipogusa mchanga, wakapanda barabara inayopita mbele ya nyumba ya Edina wakiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni, kimya, kama watu wanaotembea usingizini. Walipochoka walikaa kwenye baraza lolote walilolikuta, wakaomba maji, wakangoja malori ya kwenda kambini. Nyuma yao yakaja mashirika, na wafanyakazi wa mashirika walitaka nyumba za kupanga. Madalali wakapita mlango kwa mlango wakisema wageni hao hawalali kwenye udongo. Wanataka lipu ya simenti na rangi nyeupe.

Melania wa ng'ambo ya barabara alipiga simenti upesi na akapata mpangaji upesi. Tangu hapo hakupita bila kusimama.

"Shoga, bado mnalala ndani ya chungu?"

Edina alicheka naye. Akiingia ndani, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Ajabu ni kwamba Crispin, mume wa Edina, alikuwa fundi wa lipu, na baba yake Gervasi alikuwa fundi kabla yake. Kazi yao ilikuwa nyumba za zamani, zile za Ujiji zenye kuta pana na madirisha membamba. Lipu ya nyumba kama hizo ikianza kudondoka, mwenye nyumba alimwita Gervasi. Alikuja na udongo wa kichuguu aliouchanganya na nyasi na kuuacha uchachuke, akaupaka kwa kiganja, akaungoja ukauke sawasawa, ndipo akamalizia kwa chokaa. Kabla ya yote hayo aligonga ukuta kwa konzi na kutega sikio. Ukuta mzima hujibu kwa sauti fupi, nzito, kama mtu aliyeguswa bega. Lipu iliyoachia ukuta hulia kama ngoma, kwa sababu nyuma yake pana uwazi. Crispin alijifunza sauti hizo mbili kabla hajajifunza kusoma.

Lakini mwaka ule hakuna aliyemwita kwa ajili ya chokaa. Crispin akaenda Kibirizi, palipokuwa panajengwa ghala la chakula cha wakimbizi, akaomba kazi kwa msimamizi aliyeitwa Pastory. Pastory alimuuliza amepiga lipu wapi. Crispin akataja nyumba alizozifanya, moja moja, kwa fahari. Pastory akawageukia mafundi wengine.

"Huyu ni fundi wa udongo," alisema. "Mpeni ndoo."

Wakampa ndoo. Mwiko wake ukakaa kwenye mfuko ukining'inia msumarini, naye akawachotea maji watu aliowazidi umri na kazi. Nyumbani hakusema. Edina alizisikia habari hizo kwa Melania, sokoni kwenye dagaa, mbele ya watu.

Basi Edina alipomwambia mumewe kwamba nao wapige simenti, wampate mpangaji, na wao wahamie kile chumba cha jikoni uani, Crispin hakubisha kwa muda mrefu. Alisema neno moja tu, kwamba ukuta wa udongo unapumua, ukiufunika simenti unauziba pua.

"Na sisi je?" Edina akasema. "Sisi hatupumui?"

Crispin akautoa mwiko msumarini.

*

Kulikuwa na kitu kimoja ndani ya nyumba hiyo ambacho hakikuwa cha kuguswa. Katika chumba cha nyuma, juu ya kitanda cha mama yake Crispin, bibi Verediana, palikuwa na alama ya kiganja ukutani. Gervasi aliiacha pale siku alipomleta Verediana kama bibi arusi. Lipu ilikuwa mbichi, akabandika mkono wake, akasema hiyo ndiyo hati ya ndoa. Kila mwaka baada ya mvua, nyumba ilipopakwa upya, wenye nyumba waliuzunguka mkono huo bila kuufunika. Tabaka likaja juu ya tabaka, ukuta ukanenepa pembeni yake, na mkono ukawa unazama, ukawa kishimo kirefu chenye vidole vitano. Gervasi alikufa. Macho ya Verediana yakaingia mtoto wa jicho, akabaki kuona mwanga na vivuli tu. Lakini kila akilala na kila akiamka aliingiza kiganja chake ndani ya kile kishimo, vidole kwa vidole, akakaa hivyo kidogo. Mjukuu wake Esther, aliyelala naye kitanda kimoja, alidhani bibi wote wa dunia hulala namna hiyo.

Siku za kazi walimpeleka bibi kwa dada yake anayeishi Katubuka ili asile vumbi. Crispin alikwangua chokaa yote ya zamani, akapigilia wavu wa kuku ukutani, nje na ndani, ili simenti ipate pa kushika. Katika chumba cha mama yake aliuacha mkono mpaka mwisho. Alikuwa amekwisha panga jinsi ya kuukatia wavu, auzunguke kama baba yake alivyouzunguka.

Jumapili moja Pastory alikuwa akipita Ujiji, akaona nyumba imesimama nusu kijivu nusu kahawia, akaingia kutazama. Alizunguka akapapasa kona, akakubali kwa kichwa, na Crispin akajisikia mrefu. Walipofika chumba cha nyuma Pastory akauona mkono.

"Hiki kishimo cha nini, fundi?"

Angeweza kusema, ni mkono wa baba yangu. Maneno hayo hayana uzito wowote ukiyasema chumbani peke yako. Crispin alimtazama yule mtu aliyempa ndoo, akasikia mdomo wake ukisema kwamba ni uchakavu wa zamani tu. Akaokota nyundo na patasi. Mkono ulitoka kwa mapande, tabaka baada ya tabaka, kama kitunguu. Jioni akauzoa pamoja na kifusi kingine kwenye toroli akaumwaga katika lile shimo la barabarani mbele ya nyumba ya Melania, ambalo kila mtu alilalamika halizibwi.

Bibi Verediana alirudi ukuta umeshalainishwa. Alivua kandambili, akapanda kitandani, akaanza kupapasa. Alipapasa juu, akapapasa chini, akarudia, kama mtu anayetafuta kibiriti gizani. Edina alikuwa mlangoni akamwona mumewe anageukia dirisha.

"Uko humo humo, mama," Crispin akasema. "Nimeufunika tu usiharibike."

"Nyuma ya hii simenti?"

"Nyuma ya simenti."

Bibi akaweka kiganja chake mahali palepale kwenye simenti. "Ni baridi," akasema. Lakini akaridhika, na tangu siku hiyo akawa anaweka mkono hapo akilala na akiamka.

*

Mpangaji aliitwa Benedict, mtumishi kutoka Singida aliyeletwa kushughulikia mambo ya wakimbizi, mtu mpole asiyependa kelele. Alichukua vyumba vya mbele, bibi na Esther wakabaki chumba chao cha nyuma. Alilipa kodi ya miezi kadhaa mbele, na kodi hiyo ikalipia simenti, wavu na rangi, kilichobaki kikaenda kwenye bati la chumba cha jikoni. Ombi lake lilikuwa moja, kwamba barazani pasikae watu, kwa sababu wakimbizi anawahudumia kutwa nzima na jioni angependa kupumzika.

Edina akalishughulikia. Kila walipokuja watu kutoka ziwani kutua mizigo, aliwaambia msikae jamani, simenti bado mbichi. Mwanzoni ilikuwa kweli. Ukuta ulipokwisha kauka akaendelea kusema hivyohivyo, na ili isiwe uongo alimwaga maji barazani asubuhi na mchana, na yaliyobaki kwenye ndoo akayarusha ukutani. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliishika simenti kwa kidole, akaitazama, akamtazama Edina. "Aksanti, mama," akasema kwa Kiswahili cha kwao, akabeba furushi lake akaenda kukaa juani.

Mvua zikaja. Kigoma mvua ikianza huwa haina haraka ya kuondoka. Ziwa likapotea ndani ya ukungu, ikawa huwezi kujua maji yanaishia wapi na mawingu yanaanzia wapi, na nyumba mpya nyeupe ya Edina ikasimama ndani ya weupe ule kama kitu kilichoota. Watu waliisifia. Edina mwenyewe akitoka bombani alisimama mbali kidogo kuitazama, akasahau ndoo kichwani.

Asubuhi moja bibi Verediana alikunywa uji wake, akasema amemwota mzee wake. Alikuwa amelowa chapachapa, anaomba nguo kavu.

Edina akacheka, akasema mama naye, ndoto za mvua. Crispin hakucheka. Aliacha kikombe, akaingia chumba cha nyuma kana kwamba anatafuta kitu, akagonga ukuta kwa konzi. Ukalia kama ngoma. Akasogea, akagonga tena. Ngoma. Akagonga mpaka kwenye kona, huku Esther akimfuata na kugonga naye, akifurahia mlio. Ukuta wote uliitika kwa sauti tamu, ya wazi, inayotembea mbali. Simenti ilikuwa imesimama peke yake na wavu wake kama ganda la yai. Maji yote aliyoyarusha Edina, na maji yote yanayopanda kutoka ardhini wakati wa mvua, ambayo zamani yalitokea juu ya chokaa na kwenda na upepo, sasa hayakuwa na pa kutokea. Udongo ulikuwa umeyanywa mpaka umerudi kuwa tope.

Fundi mwingine yeyote angeweza kusema hakujua. Crispin alijua, na akanyamaza. Alijiambia masika yakipita ukuta utakauka, na kwamba Benedict ni mtu wa kuondoka wakati wowote. Zaidi ya hapo alimfikiria Pastory, akaiona ile ndoo.

Edina ni mwanamke anayemjua mumewe kwa jinsi anavyokula. Alimwona anaumega ugali na kuurudisha. Akaanza kuutazama ukuta kwa jicho jingine. Chini kulikuwa na weusi uliokuwa unapanda, leo hapa, kesho juu kidogo, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Na upande wa chumba cha bibi, kimo cha kitanda, ukuta ulikuwa umetoa tumbo. Aliliwekea mkono. Lilikuwa baridi, limejaa, na kwa sababu amezaa aliujua ujazo wa namna hiyo. Akaenda kwa mumewe aliyekuwa akinoa patasi isiyo na kazi.

"Ule ukuta una nini?"

Akasema hauna kitu.

"Crispin. Mwanangu analala pale."

Patasi ikasimama juu ya jiwe. Akamwambia yote, kasoro moja.

*

Siku hiyo mvua ilikuwa ya manyunyu tu. Edina alimtoa Esther kwanza, akamkabidhi kwa Melania. Crispin akamngojea Benedict arudi kula chakula cha mchana, akamwambia akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kwamba nyumba si salama na inabidi ahame. Benedict akauliza lini. Crispin akasema sasa hivi.

"Nani aliupiga huu ukuta?"

"Mimi, mzee."

Benedict hakumfokea. Ingekuwa afadhali angefoka. Aliitazama nyumba nyeupe juu hadi chini, akamtazama fundi, akaenda kufunga masanduku yake, na wakati gari la ofisi linapakia akasema kwa upole kwamba suala la kodi watazungumza.

Alibaki bibi Verediana. Edina aliingia akamwambia mama inuka, twende kwa Melania kidogo. Akasema hendi. Akamwambia ukuta ni mbovu. Bibi akasema ukuta huo si mbovu, ameupiga Gervasi. Edina alimshika mkono, bibi akaushika ukingo wa kitanda kwa mkono mwingine, na wazee wa namna hiyo wakishika kitu hawaachii. Alikuwa ameketi na mgongo wake umeegemea lile tumbo la ukuta. Maji membamba yalikuwa yameanza kutoka kwenye ufa mdogo na kuloanisha shuka. Edina akatoka akamwita Crispin, akamwambia mbebe. Crispin akaingia, akamwangalia mama yake, akaona kwamba wakivutana pale, kitanda kikisukuma ukuta, wote watatu watabaki humo.

Akapiga magoti sakafuni.

"Mama, toka. Ukuta unaanguka."

"Hauanguki, mwana wanje, mwanangu. Baba yako ameushika." Akaweka kiganja juu ya simenti, mahali pake pa siku zote.

"Baba hayumo humo."

"Yumo. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema uongo." Crispin alizungumza polepole, kama anayemfundisha mtoto kutamka. "Niliukwangua ule mkono. Niliupiga nyundo. Nikaumwaga barabarani, kwenye shimo la mbele ya Melania. Watu wanakanyaga. Hapo unaposhika hapana kitu."

Nje manyunyu yalisikika juu ya bati. Bibi Verediana hakuusogeza mkono, na Edina akaogopa kwamba sasa ndiyo hatatoka kabisa. Kisha aliuondoa mkono ukutani, taratibu, kama mtu aliyekuwa ameshika mkono wa mgeni akidhani ni wa mumewe. Akaufuta kwenye khanga, kiganja, halafu vidole kimoja kimoja.

"Nipeni fimbo yangu," akasema.

Walikuwa wamefika katikati ya barabara ukuta ulipoanguka. Haukupiga kishindo. Ulikaa chini, ndivyo walivyosimulia walioona, kama mama aliyesimama kutwa nzima na mzigo. Ganda jeupe lilipasuka, tope likatoka ndani kama uji, likafunika kitanda, likaenda zake mpaka uani, na bati la upande ule likainama kutazama. Watu waliokuwa wanapanda kutoka ziwani walisimama na magodoro yao, wakatazama nyumba ya mtu mwingine.

Bibi Verediana aliuliza shimo liko wapi. Edina akamwonyesha. Akalizunguka kwa fimbo, asilikanyage, akapita.

Melania aliwapokea barazani kwake.

"Kaeni tu," akasema. "Simenti yangu ilishakauka."

Edina akakaa. Crispin hakukaa. Aliugeukia ukuta wa Melania, mweupe, mzuri, akaugonga kwa konzi, kisha akamwambia mwenye nyumba kwa heshima kwamba nao unalia ngoma, aiondoe simenti kabla hajapata majuto. Melania akacheka mpaka akashika kiuno. Fundi ambaye nyumba yake imelala chini bado anagonga za watu. Akaenda kuwachemshia chai.

*

Chumba cha jikoni kilijaa vyombo walivyookoa, nao wakalala miezi hiyo uani, chini ya turubai walilonunua kwa mtu aliyelipata kambini, na mvua ikipiga juu yake walisikia sawasawa na walivyokuwa wakisikia wale wengine. Edina hakuwafukuza tena watu barazani. Hakuwa na uso wa kufanya hivyo, na baraza lenyewe lilikuwa nusu.

Bibi Verediana hakumsemesha mwanawe. Alipokea chakula, aliitikia shikamoo, basi.

Kiangazi kilipokuja na upepo mkavu, Crispin alibomoa simenti yote iliyobaki kwenye kuta nyingine, na hilo lilikuwa gumu kuliko kuipiga. Siku ya kufinyanga udongo alivuka barabara akiwa na sururu. Alifukua lile shimo mbele ya Melania, akatoa kifusi cha chokaa kilichokanyagwa na miguu ya watu wote waliovuka ziwa mwaka ule, akakiponda, akakimwaga kwenye udongo wa kichuguu pamoja na nyasi. Edina aliukanyaga, sketi imekunjwa magotini. Mama mmoja aliyekuwa anangoja lori barazani alimwacha mtoto kwa bibi, akaingia kukanyaga naye, bila kuitwa. Edina hakuwa na hakika kama ni yule wa zamani. Hakuuliza, na yule mama hakusema.

Wakaupandisha ukuta polepole, wakiuacha ukauke kila walipofika kimo cha goti. Crispin alipopaka tabaka la mwisho ndani ya chumba cha nyuma, kwa kiganja, alimwita mama yake. Alidhani atataka kuuweka mkono wake mwenyewe pale juu ya kitanda. Alikuwa amepatengeneza, pamekuwa laini na pabichi.

Bibi Verediana aliingia na fimbo yake, Esther amemshika khanga. Akapapasa mpaka akaufikia mkono wa Crispin wenye tope. Akaushika kwenye kifundo, akauinua, akaubandika ukutani, kisha akaweka kiganja chake juu yake akaukandamiza kwa uzito wake wote, mpaka udongo ukapanda katikati ya vidole.

"Uache hapo," akamwambia. Ukiacha marahaba, ndilo lilikuwa neno la kwanza tangu masika. "Esther naye apate cha kuja kukwangua."